Picha Nisiyoruhusiwa Kuiona

Nimestaafu, na kitu cha kwanza nilichokifurahia ni simu kunyamaza. Hanipigii tena mtu, bila hata salamu, kuniambia, "Fundi, picha haionekani," kama kwamba picha ni mbuzi wake na mimi ndiye niliyemfungulia kamba. Duka la Ngamiani nimewaachia nyinyi, Mwanaidi na wenzako, na kurasa hizi nawaandikia nyinyi. Shule niliiacha darasa la nne. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Kazi yangu haikupinda.

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi. Fundi Hemedi, aliyekuwa na kibanda cha redio karibu na soko, alinikalisha mbele ya redio inayokoroma, akaniuliza, "Unasikia nini?"

Nikamwambia, "Imeharibika."

Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Hilo hata mwenye redio analijua, ndiyo maana kaileta. Mimi nakuuliza unasikia nini."

Basi ikawa kazi yangu ni kusikiliza. Spika iliyochanika inakoroma vyake, waya uliolegea unakoroma vyake, na redio iliyoingia mende ina sauti ambayo ukishaisikia huisahau. Ilipita muda mrefu kabla hajaniruhusu kufungua kifuniko. Nami nimewafanyia nyinyi hivyo hivyo, na najua mlininung'unikia nyuma ya mgongo. Duka dogo lile, kila kitu kinasikika.

Baada ya redio zikaja televisheni, na baada ya televisheni kompyuta. Wenzangu wengi walibaki na redio zao wakizitukana kompyuta. Mimi niliichukua moja mbovu nikaifufua. Tabu yake ilikuwa virusi: leo unaisafisha, kesho mteja anachomeka flashi, imerudi kulekule. Ndipo mhandisi mmoja wa meli, mteja wangu wa siku nyingi, aliponiachia diski ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Akasema, "Hii haina urembo, lakini haitakusumbua." Nikaiwasha, nikaona kioo cheusi na herufi nyeupe, kimya, inanisubiri mimi niseme. Nikaipenda palepale. Kiingereza changu mpaka leo ni cha amri tu. Najua kuiambia kompyuta ionyeshe, inakili, ihamishe, iue. Kumsalimu Mzungu siwezi, lakini programu yake naweza kuiua huku anaitazama.

Kamera ya kwanza niliyoipeleka mtandaoni niliifunga kijijini Moa, kwenye banda la kuku la bwana mmoja aliyekuwa akikaa mjini na hamwamini mlinzi wake. Nilitumia kompyuta ndogo, haina kioo wala kibodi, ukubwa wake kama mche wa sabuni. Sisi dukani tunaiita boksi. Kamera ni zile za kawaida za kuchomeka. Kamera inapiga picha, boksi linaibana iwe nyepesi, linaituma. Inapiga nyingine, linaibana, linaituma. Kule aliko mwenye kuku anaandika anwani kwenye kivinjari cha simu yake, na picha zinamjia moja baada ya moja, anaona kuku wanatembea. Nyinyi vijana mnapenda video laini kama ya televisheni. Haya. Lakini mtandao ukiyumba, yenu inaganda yote, yangu inapoteza picha moja na kuendelea. Tena yangu inafunguka kwenye kivinjari chochote, hata cha simu iliyopasuka kioo.

Laini za simu zina tabia moja ya kuwakumbusha. Boksi lililounganishwa kwa laini linaweza kutoka nje, lakini mtu wa nje hawezi kubisha hodi kwalo. Kwa hiyo tulikodi seva, kompyuta iliyoko mbali huko inayowaka siku zote. Boksi linakwenda lenyewe kule, linaacha mlango wazi, na watu wanaingilia huko. Nilihangaika sana kabla ya kulielewa hilo. Nikaelewa, na hakunieleza mtu.

Moa ndiko nilikojua adui wa kamera. Si mwizi, ni chumvi. Hewa ya pwani inakula vichwa vya nyaya, na picha inakuja na kutoweka bila sababu. Sugua kwa kifutio cha penseli, kisha pitisha spiriti. Wa pili ni kuku, anayedonoa kila kinachowaka.

Na Moa ndiko nilikojifunza hili la majina. Kamera zilikuwa mbili, ya banda na ya lango. Umeme ulikatika, ukarudi, boksi likaamka, na yule bwana akanipigia simu: "Fundi, kuku wangu wamekuwa lango!" Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe Linux inapoamka huzipa kamera majina kwa kufuata iliyotangulia kuitika: ya kwanza sifuri, ya pili moja. Jana banda lilikuwa sifuri, leo lango limewahi. Kamera zenyewe ni pacha, hazina alama ya kuzitofautisha. Dawa niliyoipata ni kutoita kamera kwa jina, bali kwa tundu la boksi ilikochomekwa. Tundu la juu ni banda, la chini ni lango, iwashwe izimwe. Tangu hapo sikusumbuka tena, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo hasa niliyotaka kuwaandikia.

Alikuja dukani mama mmoja wa Nguvumali, Bi Mize. Aliniamkia shikamoo, akaketi, akaanza bila kuzunguka. Binti yake Rukia anaolewa. Aliyemlea Rukia ni bibi yake, Bi Time, wa Pemba, na katika ukoo wao kila mwari aliyesingwa, akasuguliwa mwili kabla ya harusi, amesingwa na Bi Time au mbele ya macho yake. Hakuna binti wao aliyepakwa liwa, ule unga wa msandali, yeye hayupo. Sasa bibi kavunjika nyonga, chombo cha kuvuka bahari hawezi kupanda, na daktari kawaambia wasimtaabishe.

"Nataka amwone mjukuu wake anasingwa," akasema. "Aone kama yupo. Lakini fundi, humo ndani watu wamevua mitandio na mabuibui, na mwari yuko na kanga moja. Mwanamume asione. Hata mmoja."

"Tutaweka neno la siri," nikamwambia. "Atakayelijua ni Bi Time na aliye naye."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye fundi."

"Wewe ndiye mwanamume."

Wakati huo duka halikuwa na fundi mwanamke. Mwanaidi alikuja baadaye, na sasa mjue alikuja kwa sababu gani. Nikamwambia Bi Mize nitapanga kamera chumba kikiwa kitupu, kisha nitoke. Ikibidi kukagua, mwanamke mmoja atatazama kwenye kompyuta yangu.

Akakataa. "Picha ikipita kwenye chombo chako itabaki humo. Vyombo vyenu hivi havisahau."

Hajui kompyuta yule mama, lakini kwa hilo hakukosea sana. Kivinjari huweka akiba ya picha za watu bila kuwauliza. Tukakubaliana: simu za wanawake zitakusanywa kwenye ungo mlangoni, na picha ya chumbani haitafunguliwa kokote ila Pemba. Alipokuwa anatoka akasema, "Akionekana mwanangu, harusi imekwisha, na mimi uso wangu nauweka wapi? Na bibi asipomwona, atakaa na donge hilo mpaka kaburini. Sasa wewe angalia."

Kisha akaingia Mjomba Shaame, kaka yake Bi Mize, mtu wa bashasha na maneno mengi. Amesikia kuna kamera, naye anataka ya kwake ya wanaume: ielekezwe uani kwenye pilau, ndugu walio mbali waone shughuli ilivyo kubwa. Hiyo isiwe na neno la siri. Anwani yake aliirusha kwenye kundi la familia kabla hata sijafika na nyaya. Wajomba, mashemeji, mpaka wa upande wa bwana harusi, wote wanayo.

Asubuhi ya siku yenyewe nikafunga. Boksi nililiweka ukumbini juu ya kigoda, waya mmoja ukaingia chumba cha mwari, mwingine ukatoka uani. Tundu la juu chumba, kwa Bi Time, na neno lake la siri. Tundu la chini pilau, kwa ulimwengu mzima. Wanawake walipoanza kuingia nikatoka nje, pazia likashushwa, nikaketi barazani na wanaume, kompyuta yangu mapajani. Kwenye kioo changu hakuna picha, ni herufi tu: mstari kwa kila picha iliyotumwa, na uzito wake.

Pemba alikuwa Salma, mke wa mjukuu wa Bi Time, nami naongea naye kwa simu ya sauti, picha wanazitazama kwenye simu nyingine. "Yuwaona chumba," akanambia. "Yuwaona mkeka na chetezo cha udi. Asema mkeka mmeutandika upande." Nikapaza sauti pazia lisikie: "Mkeka umekaa upande!" Nikasikia vicheko, na mkeka ukivutwa.

Mjomba Shaame naye simu yake ilizungukwa na vichwa. "Tazameni sufuria ile," akawa anasema. "Muscat wanaiona! Mombasa wanaiona! Na nyie mlio hapa mnaiona, ingawa iko nyuma ya nyumba hapo, mngeweza kunyanyuka mkaenda."

Mwari hajaletwa bado, umeme ukakatika.

Sikushtuka. Nilikwisha kuwaambia wanaume wale kuwa boksi langu umeme ukirudi linaamka lenyewe na kuendelea na kazi, halihitaji mtu, na nilikuwa najisifu hivyo pale barazani huku wananikejeli. Ukakaa kidogo, ukarudi. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo changu, picha zinakwenda pande zote mbili. "Mmeona?" nikawaambia. Ndani nikasikia vigelegele, mwari analetwa.

Simu ikalia. Salma. "Fundi, Bi Time asema aona sufuria."

"Sufuria gani?"

"Sufuria ya pilau. Na mwanamume kifua wazi ashika mwiko. Bibi auliza huyo ndiye kungwi?"

Ndugu zangu, mimi nimepigwa na umeme wa televisheni mara nyingi, lakini haukunipiga hivyo. Ikiwa Bi Time anaona pilau, basi wanaotazama pilau wanaona nini? Na mwari ndiyo kwanza anaingia chumbani.

Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye kibodi, wa pili ukavua kofia kichwani. Mjomba Shaame anaigusagusa simu yake akisema imechelewa kufunguka. Nikaifunika ile simu kwa kofia mapajani mwake nikaikandamiza.

"Fundi! Umepandwa na pepo?"

"Usitazame! Mtu asitazame!"

"Nisitazame pilau?"

"Hiyo si pilau!"

Akainua mikono yote miwili, simu kaiacha chini ya kofia. Wengine nao wakageuza macho. Nikaandika amri ya kuua, nikaiua ile ya wote. Kisha nikaiua na ya Bi Time, maana sikujua tena lipi ni lipi. Pemba kukawa tupu, Muscat tupu. Hao wa barazani niliwaziba. Wa kwenye kundi je? Kati ya umeme kurudi na amri yangu, picha zilikwisha kwenda. Amri haiwezi kuzirudisha.

Nikaenda kwenye pazia. "Bi Mize! Nani kagusa boksi?"

"Hakuna aliyegusa chombo chako. Tulikitaka kigoda tu."

"Kigoda?"

"Mwari atakalia nini? Umeme ulipokatika tukachomoa, tukalishusha chini, tukachomeka vilevile ulivyochomeka wewe."

Vilevile! Matundu ni pacha, nyaya ni pacha, na ukumbi una giza. Mimi nimezifunga kamera kwa matundu ili zisinigeuke, wao wakayageuza matundu yenyewe. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka hawakujua, na mwari hakai chini. Nikauliza lililobaki: "Mwari mmemweka wapi? Mbele ya kamera?"

"Mbele ya kamera, kama ulivyosema."

Nikafumba macho.

"Lakini haioni," akaendelea. "Kanga yangu iko juu yake."

"Toka lini?"

"Toka umeme ulipozimika. Niliona kijitaa chake kimezima, nikasema kitu hiki sijui kimelala ama kinajifanya. Nikakifunika. Nilikuwa nangojea uniambie ndiyo nifunue. Hukuniambia."

Nikarudi barazani mbio. Mistari iliyokwisha kuandikwa ilikuwa bado iko kwenye kioo changu, na nikaisoma mmoja mmoja. Jambo hili lishikeni: picha yenye vitu vingi, watu, nguo za maua, rangi, ni nzito, haibaniki sana. Picha ya giza ni nyepesi, kwa sababu giza halina cha kubanwa. Kabla umeme haujakatika, ya chumbani ilikuwa nzito na ya pilau nzito. Baada ya kurudi, ile iliyokwenda kwa wote ilikuwa nyepesi kuanzia mstari wa kwanza mpaka nilipoiua. Hakuna hata mmoja mzito. Nikaisoma tena kutoka chini kwenda juu.

Wakati huohuo simu ya Mjomba Shaame ikaanza kulia chini ya kofia yangu. Akanitazama kwanza, kama anaomba ruhusa. Ilikuwa sauti ya shemeji yake wa Muscat: "Shaame, mbona giza tupu huku? Pilau imeungua?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikaegemea nguzo, na wanaume wakatazamana, maana hakuna aliyejua tumeponea wapi. Mjomba Shaame akanisogelea sikioni. "Fundi, ile haikuwa pilau, ilikuwa nini?"

"Kanga ya dada yako."

Akafikiri, akaelewa, akakaa chini taratibu. "Alhamdulillahi," akasema, na kofia yangu akanirudishia kwa mikono miwili.

Kulikuwa na kazi bado. Kuingia ukumbini siwezi, na kumwambia mtu mwingine ahamishe nyaya sikuthubutu tena. Nikabadilisha maagizo kutoka nje: tundu la juu sasa ni pilau, la chini ni chumba. Bi Mize nikamwambia asiinue kanga mpaka nimwambie. Nikaiwasha ya Bi Time peke yake.

"Salma, Bibi anaona nini?"

"Haoni kitu. Giza."

Katika kazi yangu yote sijawahi kufurahi mteja akiniambia haoni kitu. Giza lile ndilo nililokuwa nalitaka. Nikatazama mistari: myepesi. Nikaiwasha ya wote, mistari mizito, na Mjomba Shaame akafungua simu yake kwa jicho moja, jingine kalifumba. "Sufuria!" akapiga ukelele. "Sufuria, wallahi! Na Makame na mwiko wake!" Sijawahi kuona watu wanaishangilia sufuria namna ile.

Nikasimama kando ya pazia, nikalipa mgongo. "Bi Mize, funua."

Mistari ya chumbani ikawa mizito ghafla, mmoja baada ya mwingine. Sikuhitaji picha. Niliujua uzito ule kuwa ni watu.

Simuni nikasikia kiti kikivutwa. Kisha sauti ya kizee, karibu, maana Salma alikuwa kamwekea simu mdomoni: "Waanza na mikono? Nani kawafunza kuanza na mikono? Miguu kwanza!"

Simu ndani haziingii, kwa hiyo mdomo wa Bi Time nikawa mimi. Mzee mzima na ndevu zangu, nimelipa pazia mgongo, natangaza: "Anasema miguu kwanza!" Kicheko kikapasuka humo ndani. "Anasema liwa imekuwa maji, ongezeni! Anasema kungwi asiwe na haraka, hakuna chombo kinachomsubiri! Anasema..." Pale nikasita. "Fundi, sema," akasema Bi Time. Nikasema, na hilo siliandiki. Barazani wanaume walijifanya hawasikii. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mpishi Makame akaacha mwiko.

Shughuli ilipokaribia kwisha, bibi akapunguza sauti. "Fundi, mwambie mwanangu alitazame hilo jicho la kamera. Yuwainamisha uso tu. Mwambie mie niko huku."

Nikasema kwa utaratibu safari hii. "Rukia, bibi anasema tazama kamera. Anasema yuko hapo."

Ndani wakanyamaza, na kwenye simu kukanyamaza. Nikangoja. Nikadhani mtandao umekatika, nikatazama kioo changu, mistari inashuka sawasawa.

"Salma? Picha ipo?"

"Ipo," akajibu, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Amshika. Ashika kioo, ampapasa shavu. Fundi, sasa kata simu. Haya si yako."

Nikakata.